Vipimo vya Mgeni

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na sindano mkononi na miwani puani, maana siku yoyote nikikuwaza ndivyo ninavyokuona. Mimi ni mzima. Kazini ni yaleyale: mashuka ya hospitali mbili yanaingia machafu kwa mlango huu, yanatoka meupe kwa mlango ule, na katikati nipo mimi na pasi yenye ukubwa wa kitanda. Juzi msimamizi alinisifu kwa jinsi ninavyokunja pembe. Nikamwambia nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo, sasa alitaka nijue nini kingine?

Cherehani nyeusi bado inalia? Na mteja wako Bibi Mapindo, yule anayerudisha gauni moja mara nne lipunguzwe, bado anasema anakonda?

Nina swali juu ya Baba. Kila nikimpigia simu anakuwa anakula. Nikipiga asubuhi anakula, mchana anakula, saa kumi jioni anakula. Anasema maneno matatu mdomo umejaa, kisha "haya mama, chakula kinapoa," anakata. Nikimwomba tuonane uso kwa uso kwenye simu, anasema kamera imeharibika. Tangu lini Baba akawa mlaji? Mwalimu wa michezo aliyetupakulia kwa kikombe ili tusiwe wazito!

Haya, la msingi. Likizo yangu ya Agosti imekubaliwa. Nakuja nyumbani, na siji peke yangu. Nina mtu. Unakumbuka ile saa ya kupimia mbio ambayo Baba alinipa siku ninaondoka? Ilisimama mwaka juzi. Nikaipeleka kwa fundi saa mwenye kibanda nyuma ya kituo cha treni. Aliifungua, akaiweka sikioni, akaniuliza: "Hii ilikuwa inapima nini?" Wala hakutaja bei. Nikaanza kumsimulia habari za Baba na kiwanja cha shule na watoto wanaokimbia pekupeku, mpaka nikachelewa kazini. Kesho yake nilirudi, ingawa saa ilikuwa haijawa tayari na nilijua haijawa tayari.

Ndiye huyo. Ni mwenyeji wa huku, lugha yetu anajifunza kwangu, na anauliza maswali kuliko karani. Ni mpole, ana mikono mizuri, anachelewa kucheka lakini akianza haachi. Mengine utayaona mwenyewe.

Naomba umwambie Baba. Wewe unajua pa kumshikia. Kwa simu siwezi.

Wako uliyemlea tangu Mama alipotutoka,
Sindano


26 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi sijambo, mgongo tu unanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye cherehani. Nyeusi nimeitia mafuta, sasa inalia kwa heshima. Bibi Mapindo hajakonda hata uzi. Mimi humtolea pindo, naye huamini nimepunguza, tunaishi kwa amani.

Baba yako hajambo, yupo. Habari za kula niachie mimi.

Sasa wewe mtoto! Unaniandikia mashuka, unaniandikia pasi, halafu "nina mtu" unaitupia huko katikati kama kifungo kilichodondoka. Ana miaka mingapi? Ana mama? Anavuta sigara? Amewahi kuoa? Anakula kila kitu au ni wale wa kuchagua? Akikasirika anapiga kelele au ananuna? Mimi wa kununa siwawezi. Nijibu kwa mstari, usiruke hata moja.

Nilimwambia baba yako baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshiba. Nikasubiri aulize kabila, dini, mshahara. Aliuliza jambo moja tu: "Anasimamaje huyo?" Unamjua kaka yangu. Miaka thelathini na mitatu anapita nyuma ya watoto wa watu akiwagonga kwa vidole viwili, "Mgongo!" Si bure wakamwita Mwalimu Wima. Mpaka leo watu wazima wenye mvi wakipita mbele ya dirisha letu wananyooka. Mleta barua ananyooka, na yeye hata shule ile hakusoma. Nikamjibu, anasimama kama watu wengine. Nimekosea?

Na lipo la kwangu. Unajua desturi ya nyumba hii: hakuna mkwe anayeingia mara ya kwanza asikute shati lake limetundikwa linamngoja. Mama yangu alimshonea mume wangu kabla hajamwona, mimi nimewashonea waume wa binamu zako wote watatu. Niletee vipimo. Kitambaa nimeshakipata, cha bluu iliyokolea. Tepu ishike mwenyewe, usimwachie ajipime, wanaume huvuta tumbo ndani.

Ukweli nina hamu kuliko kawaida. Kwangu picha haisemi kitu, vipimo ndivyo vinavyosema. Binamu yako mkubwa alipoleta vya mumewe, bega la kulia lilikuwa chini nusu inchi. Nikasema huyu amebeba mzigo upande mmoja tangu utotoni. Kumbe aliuza maji ya ndoo miaka sita, na hakuwahi kumwambia hata mkewe. Kwa hiyo usichelewe.

Anayekuwaza akiwa na chaki mkononi,
Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku mambo si mabaya. Theluji imeyeyuka, barabara zimejaa matope, mashuka yameongezeka. Pole kwa mgongo. Weka mto kwenye kile kiti.

Majibu yako ni haya. Ana arobaini na moja. Mama anaye, ni mzee mcheshi anayeniita "mtoto wa pasi". Havuti. Hajaoa. Anakula kila kitu na anaramba kijiko. Akikasirika anafungua saa mbovu na kuitengeneza mpaka hasira ziishe, kwa hiyo hasira zake zina faida.

Vipimo: shingo 17, mabega 19, kifua 42, kiuno 36, mkono 25, urefu 30.

Nilimwomba Baba anitumie picha. Akanitumia ile ya zamani ya kiwanjani, amevaa kaptula nyeupe na filimbi shingoni. Nikamwambia Baba, nataka ya sasa. Akasema, "Sijabadilika." Alikuwa anakula.

Nina haraka, zamu inaanza. Usisumbuke na shati la kubana sana. Pana pana tu litafaa.

Sindano


18 Aprili

Sindano,

Nimekaa na barua yako wiki mbili, ndiyo maana jibu limechelewa. Salamu zako zimefika, hapa tu wazima, mvua zimeanza na paa la ukumbi linavuja palepale. Nimemaliza salamu.

Nilikata kitambaa? Sikukata. Nilikitandika mezani, nikachora bega, nikachora kifua, mkono ukawa unakwenda wenyewe bila kuangalia karatasi. Nikajiambia, huyu mtu nimeshamshonea. Nikashusha daftari la vipimo kutoka juu ya kabati, lile kuukuu lenye gamba jekundu, nikapekua. Kumi na saba, kumi na tisa, arobaini na mbili, thelathini na sita, ishirini na tano, thelathini. Mwandiko wako mwenyewe, ulipokuwa na miaka kumi na mbili, na ile saba yako iliyofungwa mkanda kiunoni. Juu umeandika "BABA". Mimi nilishika tepu, wewe ukashika kalamu, kila mwaka shule ikikaribia kufunguliwa.

Umenipa vipimo vya baba yako, mwanangu! Umetaka kumdanganya fundi kwa karatasi iliyotoka kwenye daftari lake mwenyewe. Nilicheka mpaka Bibi Mapindo akaniuliza kama namcheka yeye. Kisha nikaacha kucheka. Mtoto niliyemlea mimi hasemi uongo wa inchi. Ukiona anausema, kuna kitu.

Nimekaa nawaza. Hana mkono mmoja? Ana mikono mitatu? Ni mrefu mpaka atainama mlangoni? Ni mnene kiasi kwamba kitambaa changu hakitatosha? Nimeshawashonea watu wa kila namna. Nimemshonea mtu aliyekuwa na bega moja tu, na siku ya harusi yake hakuna aliyejua isipokuwa mimi na bibi harusi. Sasa kipi ambacho Shangazi hawezi kukipima?

Na kama ulitaka vipimo vya kuazima, ungechagua vya mtu mwingine. (Hapa nimefuta sentensi. Usihangaike kuisoma, ni mambo ya uzi.)

Naomba ukweli. Nauliza kwa hamu tu, si kwa ukali.

Shangazi


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Naandika nikiwa chumbani kwangu, dirisha liko wazi kwa mara ya kwanza mwaka huu. Yeye yuko kwenye kibanda chake. Nimemwambia naandika barua ngumu, akasema basi asije mpaka nimuite.

Sikukaa nikapanga kukudanganya. Nilikaa na kalamu, nikajiambia niandike vipimo vya mtu wa kawaida, na mkono ukaandika vile ambavyo unavijua. Kwangu mimi mtu wa kawaida ni Baba. Sikujua nimefanya hivyo mpaka niliposoma barua yako. Nilikaa sakafuni.

Ana kibiongo, Shangazi. Mgongo wake ulianza kupinda akiwa na miaka tisa, wakampasua mara mbili, wakaacha. Akisimama, kichwa kinatangulia mbele na bega la kushoto linapanda juu. Hana maumivu ya kila siku. Anapanda ngazi, anabeba vitu, anacheza muziki vibaya kama wanaume wengine wote. Siku ya kwanza nilikiona kibiongo, siku ya pili nikaona mikono, siku ya tatu nikawa namwona yeye.

Sasa unajua. Na wewe mwenyewe umeniandikia swali la Baba: "Anasimamaje huyo?"

Yule mtu wa kusoma mita za maji, unamkumbuka? Alikuwa ameinama hivyohivyo. Alipotoka getini, Baba alisema, "Yule angekutana na mimi darasa la kwanza, leo angekuwa askari." Ukumbi mzima tukacheka. Mimi nilicheka, Shangazi. Na yule mtu alikuwa bado yuko getini, anahangaika na komeo. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu aligeuka, akatabasamu, akasema asanteni. Nina miaka thelathini na minne na bado naliona lile tabasamu. Siwezi kumleta mtu wangu akatabasamu hivyo kwenye ukumbi wetu.

Vipimo vya kweli, nimevichukua mwenyewe kwa tepu: shingo 15, kifua 38, mkono wa kulia 24, wa kushoto 24 na nusu, urefu wa mbele 25, urefu wa nyuma 31. Alicheka nilipomwambia ni vya nini. Tangu akue hajawahi kuvaa shati lililokatwa kwa ajili yake. Hununua kubwa, akakunja.

Jingine. Umesema nisihangaike kusoma sentensi uliyofuta. Mimi mtoto wako, unanijua. Niliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nyuma. Uliandika: "Na kaka mwenyewe hana tena vipimo hivi."

Baba ana nini?

Sindano


30 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Tuko hai sote.

Baba yako alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne, akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kushoto ukalala. Hospitali tulikaa siku kumi na tisa. Mguu umerudi nusu, mkono robo. Anatembea kwa ile fremu ya chuma ya miguu minne, ameinama. Ameinama, mwanangu, Mwalimu Wima. Mdomo ulikwenda upande, sasa umerudi kiasi, lakini maneno yanatoka mazito, ndiyo maana kila ukipiga "anakula". Hakuna chakula. Kamera ya simu ni nzima. Mimi nimekuwa nikikaa pembeni namwona anatafuna hewa ili usijue, na nimeuma ulimi miezi saba kwa sababu aliniapisha. "Mtoto asijue mpaka ninyooke." Leo kiapo nimekivunja na sijutii, ila usiku sitalala vizuri.

Ulipotangaza kuja na mgeni, aliuliza lile swali la anasimamaje. Nilikuandikia swali, sikukuandikia kilichofuata. Aligeuza kichwa ukutani akasema, "Ataniona nilivyo." Nilidhani anamwulizia mgeni. Kumbe alikuwa anajiulizia mwenyewe. Tangu hapo kila wiki ananiomba nikuandikie uahirishe. Siandiki.

Amehamishia kiti chake nyuma ya pazia la chumba. Hataki dirisha. Watu wanapita nje, wananyooka mbele ya dirisha ambalo halina mtu. Hataki kupimwa pia. Mashati yake yote sasa yanamning'inia mbele na kumpanda nyuma, akaniambia yaache hivyohivyo. Nilimpima mchana mmoja akiwa amesinzia kitini, kwa vidole, bila tepu, nisimwamshe. Kifua 38.

Nakuuliza jambo na sijui jibu. Nimwambie habari za mgongo wa mgeni? Nikimwambia, atasema mmemletea kioo. Nisipomwambia, anaweza kuropoka siku ile, na huyo mtu wako akatabasamu. Wewe ndiye mwenye watu wote wawili. Amua.

Yule wa mita za maji namkumbuka. Mimi pia nilicheka.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nimekasirika, nimekwenda kazini, nimechoma shuka kwa pasi kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Miezi saba! Nilikuwa naambiwa chakula kinapoa! Nitakugombeza nikifika, sasa hivi karatasi haitoshi.

Tunafika tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi. Siahirishi.

Usimwambie Baba. Na mimi sijamwambia huyu wangu kwamba Baba ameinama. Nimemwambia tu kwamba aliugua na anaona haya. Hakutaka zaidi. Aliuliza, "Anapenda kuulizwa, au anapenda kuachwa?" Nikasema sijui, Baba sijawahi kumwona akiwa na haya. Kisha akaniomba nimsimulie tena jinsi alivyokuwa akiwagonga watoto mgongoni, na neno alilokuwa akilisema, na jinsi ya kulitamka. Nilimfundisha. Sikuuliza ni la nini.

Wakutane tu kama watu. Nikianza kupanga nani ajue nini, tutaendelea kudanganyana kwa inchi mpaka tuzeeke.

Sindano


6 Septemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumefika salama, sanduku moja tu limevunjika mguu. Kazini nilikuta mlima wa mashuka unaningoja. Yeye amerudi kibandani, na shati la bluu amelitundika ukutani juu ya saa za wateja, analivaa Jumamosi tu. Mama yake alilichunguza mshono kwa mshono, akamgeuza huku na huku, akasema, "Nani huyu aliyemkatia mwanangu shati likamkaa hivi bila kumwona?" Nikamwambia ni Shangazi. Anataka uje umshonee na yeye.

Nimekugombeza vya kutosha nikiwa huko, sirudii. Siku kumi na nne zimepita kama dakika. Bado namwona Baba amekaa ukumbini, mchana kweupe, pazia limefungwa kwa kamba kando, anamsahihisha mgeni matamshi.

Ila kuna kitu kinanikera. Siku ile tulipofika, buti la teksi lilikataa kufunguka. Nilibaki getini na dereva, yeye anavuta, mimi nasukuma, sanduku limenasa ndani. Nikamwambia huyu wangu tangulia, mvua inaanza. Nilipoingia, pengine dakika tano zilikuwa zimepita. Nilijiandaa kwa yote: ukimya, neno baya, lile tabasamu. Badala yake nilikuta Baba anacheka mpaka machozi, fremu imeanguka chini, huyu wangu amejishika mbavu, na wewe umegeukia ukuta unajifanya unatia uzi kwenye sindano. Hakukuwa na uzi, Shangazi. Nilikuona.

Nimemwuliza yeye. Anasema ni mambo ya wanaume wenye migongo. Nimemwuliza Baba kwenye simu. Akasema, "Nakula."

Umebaki wewe. Walisemezana nini?

Sindano


11 Oktoba

Sindano wangu,

Marahaba. Hapa kuzuri, paa limezibwa, nyeusi inalia, Bibi Mapindo ameniletea gauni jipya na tayari anataka kulipunguza. Nilitaka kukuacha na hamu yako mpaka mwakani, kama ulivyoniacha na vipimo vya uongo. Lakini mwenye habari amenipa ruhusa jana, kwa hiyo sikiliza.

Kwanza nikuungamie. Tulikubaliana nisimwambie, na mimi sikumwambia. Shati ndilo lililomwambia. Mkesha wa kuja kwenu, saa tisa mchana, nililitundika kwenye mlango wa kabati ili likae vizuri. Baba yako akatoka chumbani na fremu yake, akaliona limegeuzwa mgongo: nyuma ndefu, mbele fupi, bega moja limepanda. Akasimama. Akaniambia kwa hasira, "Nani amekuruhusu kunipima?" Alidhani ni lake. Nikasema, kaka, hilo si lako. Ni la mgeni.

Alilishika shati kwa ule mkono mzima, akapitisha kidole kwenye mshono wa mgongoni, juu mpaka chini, polepole. Kisha akasema, "Na Sindano amemchagua hivyo." Nikasema ndiyo. "Anajua kwamba mimi..." Jioni aliniambia, "Kesho ninyoe ndevu. Na kiti changu kiweke ukumbini, kielekee mlangoni." Pazia alilifunga kando kwa kamba mwenyewe, kwa mkono mmoja, ilimchukua muda na sikumsaidia.

Sasa siku yenyewe. Mgeni aliingia, maji ya mvua yanamtiririka usoni. Alinisalimu shikamoo safi kabisa. Kisha akamwona baba yako. Baba yako akaanza kuinuka. Unajua anavyoinuka sasa: mkono kwenye kiti, mkono kwenye fremu, mguu unatafuta sakafu. Nikataka kwenda kumshika, akanikata jicho. Wanaume wengine wangekimbia kumsaidia. Wa kwako hakusogea. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile saa ya mbio, akabonyeza.

Ukumbi mzima ukawa unasikia saa tu. Baba yako aliiona, akaitambua, na mimi nikaona taya lake linakaza kama zamani kiwanjani. Akapanda. Akapanda. Akasimama, jinsi anavyoweza kusimama. Mgeni akabonyeza tena, akamwonyesha: sekunde arobaini na moja. Halafu mtu wako, na kichwa chake kimetangulia mbele, na maji yanamdondoka kwenye pua, akapaza sauti:

"Mwalimu! Mgongo!"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Baba yako alimtazama. Alimtazama kichwa, akamtazama bega, akamzunguka kwa macho mpaka nyuma. Nikasema moyoni, haya, limefika. Kisha kwa ule mdomo wake mzito, neno moja moja, akamjibu:

"Wewe kwanza."

Basi. Ndipo ukaingia.

Saa mgeni aliiacha. Alimwambia siku hizi ni yake tena, ina kazi. Tangu mlipoondoka kaka anatembea kila asubuhi kutoka kitini mpaka getini, saa shingoni kwa kamba. Wanaopita wananyooka kama zamani, naye anawaambia, "Endeleeni, endeleeni, mimi niko mazoezini." Siku ya kwanza dakika sita na sekunde kumi. Jana nne na hamsini. Anaandika mwenyewe kwenye daftari langu jekundu, ukurasa unaotazamana na ule wako wa "BABA".

Na wiki iliyopita alinisimamia mbele ya cherehani akasema, "Nipime. Lakini kwa tepu, si kwa vidole. Siku ile sikuwa nimelala." Nimempima. Kifua 38, mbele 26, nyuma 29. Nimekata kitambaa kilekile cha bluu, kilikuwa kimebaki cha kutosha.

Ananiambia nimwachie nafasi chini hapa, ana la kuandika. Usimcheke mwandiko, ni mkono uleule wa kulia ila una haraka kwa furaha, asikudanganye kwamba ni kalamu mbovu.

Shangazi yako

Sindano. Shati langu limekwisha. Nimelivaa. Kamera ya simu imepona. Piga leo, sili.
Baba